Kipande cha Saba

Kambini, 9 Februari

Dada,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama. Sweta nimelipata. Dereva wa lori la mabomba alilivaa njia nzima, amelinyoosha mabega, lakini linafaa. Mimi ni mzima. Niambie mguu wa mama unaendeleaje, na usiniambie "afadhali tu", niambie unaendeleaje.

Kazi imebadilika. Nimeondolewa kwenye kuchimba mtaro, sasa ni mkuu wa kupima kwa maji. Bomba hili linaletwa huko kwenu, kwa hiyo mwezi wa nane ukifungua koki jikoni utakuwa unakunywa jasho langu, na ninaomba heshima yangu. Linalazwa kwa vipande. Kila kipande ni mabomba mawili yaliyochomelewa pamoja, kinapakwa rangi ndani, kinafungwa vifuniko vya chuma ncha zote mbili kwa bolti ishirini kila upande, kinajazwa maji, kisha kinasukumwa presha saa nne nzima. Kikivuja kinarudi kwa mafundi. Vipande ni kumi na vinne.

Mimi nimeshika utepe, wewe shika kalamu. Urefu ni mita 24.00. Kipenyo cha ndani nimekipima ncha zote, mara nne kila ncha: sentimita 60.0. Nataka kujua kipande kimoja kinakula rangi kiasi gani ndani na kinameza maji lita ngapi.

Hapa kuna joto la watu kuliko la jua. Jumatano fundi wa kuchomelea alizimia ndani ya bomba kwa moshi. Wenzake walimvuta miguu kama godoro. Msimamizi akammwagia ndoo ya maji, akamzaba kofi, akamwambia arudi ndani. Kiongozi wa wachomeleaji, tunamwita Cheche, akamkamata msimamizi shati. Walinzi wakamlaza Cheche kifudifudi wakampiga virungu vya mgongo. Nilihesabu kumi na saba. Alipoinuka aliomba maji ya kunywa, akanywa yote, akasema kuanzia sasa haingii mtu bombani mpaka iletwe mashine ya kuvuta hewa.

Nalala naye chumba kimoja. Kitanda cha juu yeye, cha chini mimi. Ana mdomo, lakini kazi anaijua.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 21 Februari

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako na tumegawana. Mguu wa mama umevimba mpaka hapa chini ya goti. Viatu havaai tena, anatembea na kandambili za shemeji yako, na shemeji yako anatembea bila. Mama anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula mpaka unachukiza. Hapa karakana tuna matangi sita ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Shemeji yako alishika bati bila glavu, ameshonwa nyuzi sita kiganjani, sasa ananipa amri kwa mkono mmoja.

Hesabu yako hii hapa. Nusu ya kipenyo ni mita 0.3. Izidishe kwa yenyewe, upate 0.09. Mara 3.1416, upate 0.28274, hilo ndilo tundu la bomba. Mara mita 24, upate 6.786. Kwa hiyo kila kipande kinameza lita 6,786. Rangi: mzingo wa ndani ni 3.1416 mara 0.6, yaani 1.885. Mara 24 ni mita za mraba 45.24. Kama lita moja inapaka mita tano, mkono mmoja wa rangi ni lita 9.05, mikono miwili ni 18.1. Chukua makopo matano ya lita nne. Itabaki chini kidogo ya lita mbili, ya vifuniko.

Maji usiyapime kwa ndoo. Tumia tangi la lita elfu lenye bomba la kioo ubavuni, uchore mistari ya lita moja moja, ulijaze na kulimwaga. Vipande vikiwa sawa, maji yatakuwa sawa. Ikizidi tofauti ya lita tano, mjue kuna kitu.

Unakumbuka mpira wa maji ambao baba alituchapia alipotufundisha kupima. Fimbo moja kwa kila milimita uliyobahatisha. Wewe ulipigwa kuliko mimi. Siku uliyoandika arobaini mahali pa thelathini na tisa na nusu alikupiga mpaka mpira ukakatika, akaenda dukani, akanunua mwingine, akarudi kumalizia. Tangu siku hiyo sijakuona ukiandika namba ambayo hukuiona kwa macho. Sisemi alifanya vizuri. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Mwambie huyo Cheche apunguze mdomo, mgongo hauna vipuri.

Dada yako

*

Kambini, 16 Machi

Dada,

Nawasalimu wote. Mwambie mama avae kandambili mbili za mguu mmoja kama zinamtosha, na shemeji ajifunze glavu.

Tangi la kioo limefanya kazi. Wahandisi wamekuja kulitazama, mmoja akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia kwa baba. Vipande vinane vimekwisha kupimwa na vyote vimeshika presha. Kila kimoja kimefukiwa na maji yake ndani, ncha zimeachwa wazi na vifuniko vyake, vinangoja kuunganishwa Jumatatu tarehe 22 Juni. Nakuletea fomu. Inakili kwa mwandiko wako, nakala moja umpe dereva ailete kwa kampuni, ya kwangu ibaki kwako. Maji yaliyoingia ni haya, kwa lita:

Cha kwanza 6,784. Cha pili 6,788. Cha tatu 6,785. Cha nne 6,786. Cha tano 6,787. Cha sita 6,783. Cha saba 6,713. Cha nane 6,785.

Wachomeleaji waligoma tarehe 2. Mimi na watu wangu wanne hatukugoma, vipande vyetu vilikuwa vimekwisha kuchomelewa na kazi yetu haina moshi. Wakatuita vibaraka. Chumbani Cheche alikuwa akipanda kitandani kwake bila salamu. Jumamosi tarehe 7, mchana, alikuja kwenye kipande cha saba na watu kama thelathini. Akaniambia niweke spana chini. Nikamwambia spana si yake. Akanipiga mdomoni kwa mpini wa nyundo. Meno mawili ya mbele ya juu yametoka, moja nililitema, moja nililimeza.

Walinzi walifika kwa gari mbili. Vurugu ilichukua dakika ishirini hivi. Mlinzi mmoja alichomwa jicho kwa fimbo ya kuchomelea. Fundi mmoja alivunjwa goti kwa spana, mwingine alitupwa mtaroni akaangukiwa na mlinzi juu yake, mbavu tatu. Watu wangu walijificha nyuma ya rundo la udongo, na siwalaumu. Kufika saa saba wachomeleaji wote walikuwa wamefukuzwa mpaka kambini na lango limefungwa.

Cheche hakuonekana tena. Jumatatu msimamizi alitangaza kwamba ametoroka na mashine ya kuchomelea. Mgomo umekwisha.

Kitanda cha juu kiko wazi. Wameniuliza kama nataka kuletewa mtu, nimekataa.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 28 Machi

Mdogo wangu,

Pole kwa meno. Mama nimemwambia uliteleza. Amesema wewe toka utotoni huangalii unapokanyaga, na akalia, kisha akataka kujua kama utaweza kutafuna nyama. Mguu umepungua kidogo. Daktari ametoa dawa za kukojoa, sasa kazi ni kumwahisha chooni. Tangi moja lilimwangukia kibarua wetu begani. Mfupa umepasuka, ameandikiwa wiki sita.

Nimenakili fomu mpaka cha sita, nikasimama. Cha saba si sawa. Vingine vyote havikutofautiana zaidi ya lita tano kutoka juu mpaka chini. Hiki kimepungua lita sabini na tatu. Nimerudia hesabu usiseme sikurudia.

Kama hewa ilibaki ndani, presha ingepanda kwa kusuasua, na wewe ungeona kwenye saa ya presha. Kwenye fomu umeandika ilipanda kwa dakika tisa kama vingine. Kwa hiyo si hewa. Kama bomba limebonyea, kubonyea kwa lita sabini na tatu kungeonekana na mtu aliye barabarani. Kama ulisoma kioo vibaya, niambie, nami nitaandika kwamba ulisoma vibaya, ingawa sitakuamini. Kilichobaki ni kwamba kuna kitu kimeachwa ndani. Mifuko ya mchanga? Gogo? Rangi haiwezi, makopo yako matano yote ni lita ishirini.

Fomu sijampa dereva. Nijibu upesi.

Dada yako

*

Kambini, 2 Mei

Dada,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, lori liliharibika, halafu mvua ikakata barabara, halafu mimi nilikuwa na kazi. Nafurahi mguu wa mama umepungua. Kibarua wenu apewe pole. Meno nimezoea, nikipiga mluzi unatoka hewa tu, wenzangu wamenipa jina la Koki.

Mvua imejaza mtaro. Kipande cha kumi na moja kiliinuka chenyewe kikaelea, tukakishusha kwa mawe. Bomba moja liliteleza kwenye mnyororo likamvunja mtu miguu yote miwili, chini ya magoti. Lilikuwa la tani moja na nusu. Alikuwa akicheka wakati linakuja, alidhani wenzake wanamtania. Alipiga kelele mpaka walipompandisha kwenye lori, halafu akaanza kuulizia kofia yake.

Mke wa Cheche amekuja. Alikaa langoni siku nne na mfuko wa nguo zake. Anasema mumewe hajawahi kukaa wiki mbili bila kumpelekea habari, na mashine ya kuchomelea ni kilo mia moja na ishirini, atatoroka nayo vipi, begani? Siku ya nne alimfuata msimamizi mpaka ofisini. Walinzi walimtoa kwa kumburuta nywele. Mmoja alimpiga teke la tumbo na buti. Alitapika pale langoni, akafuta mdomo, akakaa tena. Ananijua, Cheche alimwambia tunalala chumba kimoja. Akaniita shemeji, akaniuliza kama mumewe alisema anakwenda wapi. Nikamwambia hakusema.

Mvua ikipungua nitaandika zaidi.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 10 Mei

Mdogo wangu,

Tumefurahi kusikia u mzima. Mama anatembea mpaka kwa jirani na kurudi. Shemeji yako ametolewa nyuzi.

Umeniandikia kurasa mbili za mvua, na cha saba hukukigusa.

Fomu yako nimeitoa mezani, nimeiweka chini ya sanduku la nguo zangu, kwa sababu mama anapenda kuangalia mwandiko wako. Nimeisoma mara nyingi kuliko ulivyoiandika. Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Ungeweza kuandika 6,785. Hakuna mtu duniani angejua, hata mimi. Msimamizi wenu asingejua, hajui kusoma kile kioo. Lakini ulisimama pale, ukaangalia mstari, ukaandika 6,713 kwa tarakimu zako zilezile, ukanitumia mimi. Kwa hiyo sitakuuliza tena kuna nini ndani.

Nakuuliza Cheche alikuwa na uzito gani.

Dada yako

*

Kambini, 19 Mei

Dada,

Kilo sabini na mbili. Tulipimwa wote kwenye zahanati ya kambi mwezi wa kwanza, nilikuwa nyuma yake kwenye mstari.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 24 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo, shemeji yako hajambo. Leo sina habari nyingine za nyumba.

Kilo moja ya mtu ni kama lita moja ya maji, na buti na nguo ni hiyo lita moja iliyobaki. Sikuhitaji kuandika, lakini nimeandika ili ujue kwamba nimefika mwisho.

Najua unavyofikiri. Unafikiri tarehe 22 Juni mtafungua vifuniko kuunganisha, na kabla ya hapo msimamizi atawatoa watu wote, mtamvuta, mtamzika porini. Au hamtamvuta. Mtamwacha ndani, mtachomelea, na mwezi wa nane maji yake yatafika hapa. Mama ndiye wa kwanza kuamka nyumba hii, na huamka na kiu.

Kuna mwanamke amekaa langoni kwenu anaitwa mke wa mwizi. Hilo peke yake lingetosha.

Nakupa mpaka tarehe 12 Juni. Kifungue wewe, mchana, watu wakiwepo, mkewe akiwepo. Ukishindwa, tarehe 13 mimi napanda lori na hii fomu, nashuka kituo cha polisi cha wilaya, siyo kile cha kambini kinachokula kwa msimamizi. Nitawafanyia hesabu ubaoni mpaka waelewe. Sitatoa hata lita moja.

Sikuulizi nani alifanya nini. Nikikuuliza utaniambia, na sijajiandaa.

Dada yako

*

Mahabusu, 17 Juni

Dada,

Nakusalimu. Mwambie mama chochote unachoona kinafaa. Naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mwandiko utausoma. Wa kushoto umevunjika mahali pawili, juu ya kiwiko na kwenye kifundo.

Nilikifungua Jumatano tarehe 10, saa sita mchana, watu walipokuwa wanatoka kula. Nilimwita mke wa Cheche kutoka langoni, nikawaambia mafundi wakae juu ya mtaro na wasishuke. Sikutoa hotuba. Nilimwaga maji kwa koki ya chini, ikachukua dakika hamsini. Harufu ilianza baada ya kumi. Mafundi walifunika pua kwa mashati.

Nilianza bolti. Nilipofika ya kumi na moja walinzi walikuja, sita, na msimamizi nyuma yao anapaza sauti kwamba naharibu mali. Wa kwanza alinipiga kirungu kwenye kiwiko, spana ikaanguka. Nikaiokota kwa mkono wa kulia. Wa pili akapiga kifundo. Hapo wachomeleaji walishuka. Sikuona yote kwa sababu nilirudi kwenye bolti, lakini niliyoyaona ni haya: mlinzi mkuu alipigwa sururu ya bega, ikabaki imesimama ndani yake. Mwingine alishikwa masikio, kichwa chake kikagongwa kwenye bomba mpaka akalegea. Mafundi wawili walianguka kwa risasi. Mmoja amekufa. Alikuwa yule aliyezimia kwa moshi mwezi wa pili. Msimamizi alikimbia hatua kama arobaini. Walimrudisha wakimburuta miguu, wakamvunja taya, vidole vya mkono mmoja vyote, na jicho moja wanasema halitaona tena. Yuko hospitali, pingu kitandani.

Kifuniko kilitoka kwa bolti ya ishirini. Alikuwa pale pale, kichwa upande wetu. Miezi mitatu ndani ya maji. Mkewe alimjua kwa mkanda na kwa kidole cha gumba kilichokosa kucha. Hakupiga kelele. Alishuka mtaroni, akaniambia, "Shemeji, nisaidie kumtoa." Nikamsaidia. Kisha akaniuliza, watu wote wakisikia, kama najua ni nani.

Nikamwambia mkono ulikuwa wangu.

Mafundi walionitetea dakika ishirini nyuma walinipiga mpaka polisi wa wilaya walipofika. Mbavu nne, na meno mengine matatu. Sina la kuwalaumu.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile, saa sita na nusu, vurugu ilikuwa imehamia upande wa lango. Cheche alibaki nyuma ya rundo la udongo, anafunga kidonda cha mguu kwa kitambaa. Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Nilichukua kipande cha bomba la inchi mbili, urefu kama sentimita sabini, nikampiga nyuma ya sikio la kulia. Mara moja. Alikuwa amenipa mgongo. Msimamizi akaja na mlinzi mkuu, akaangalia, akasema kipande cha saba kiko wazi. Tukamsukuma. Nilifunga bolti mwenyewe. Jumatatu alinisimamia nilipojaza maji, akaniambia niandike namba kama za vingine. Nikamwambia sawa. Mkono ukaandika ilivyokuwa.

Wakili niliyepewa ni kijana mwenye haraka, ananiita "mzee" ingawa tunalingana. Anasema yote haya yanaweza kupungua. Nilipigwa kwanza, nilikuwa na hasira, na mtu alikufa palepale kwa pigo moja. Kumficha maiti ni kosa lingine, jepesi. Cha muhimu, anasema, ni hilo neno palepale. Amenifanya nilirudie mara tatu.

Dada, upande wa ndani wa kile kifuniko rangi imekwanguliwa. Kabla sijasema neno lolote kwa mkewe nilitoa utepe mfukoni, nikapima. Upana sentimita 31, kimo sentimita 18, mistari ya kwenda na kurudi. Chuma cha mkanda wake kilikuwa kimeisha ncha. Polisi aliandika "rangi imeharibika". Kesho yake kampuni ilikisugua kifuniko na kukipaka upya, kilihitajika kwingine. Kipimo anacho mtu mmoja, na sasa unacho wewe.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 27 Juni

Mdogo wangu,

Mama anajua. Nilimwambia yote, jikoni, tumekaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akanizaba kofi, akaniuliza kwa nini sikuiacha namba yako ilale chini ya sanduku. Tangu siku hiyo hasemi nami, anasema na shemeji yako, naye ananiletea maneno kama tarishi. Mguu umevimba tena.

Nilikwenda mazikoni. Nilikaa nyuma. Walipomaliza nilimwendea mkewe, nikamwambia mimi ni nani na ni mimi niliyefanya hesabu. Kaka yake alinipiga ngumi ya sikio, nikaanguka kwenye viti. Mkewe akamwambia aniache. Akanitaka nimwonyeshe hesabu. Nilimwandikia nyuma ya bahasha, akaifuata kwa kidole mpaka chini, kwenye sabini na tatu, akaikunja akaiweka kifuani. Hakunishukuru na sikutaka anishukuru. Sikio bado linavuma.

Sentimita 31 mara 18 ni mita za mraba 0.0558. Rangi ile ni mikono miwili na ilikuwa imekauka wiki nzima. Jana nilichukua bati karakana, nikalipaka mikono miwili ya rangi hiyohiyo, nikaliacha hadi leo bila hata kungoja ikauke vizuri. Nikakwangua kwa chuma cha mkanda wa shemeji yako. Nilitumia saa moja na robo kupata eneo la kiganja. Mimi nilikuwa na taa, na nimekaa kwenye kiti.

Nimeitwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, tarehe 20 Julai. Wanataka hesabu ya maji tu. La kifuniko hawalijui.

Fomu yako ina safu ya mwisho ambayo hatujawahi kuizungumzia, ukaguzi wa vifuniko. Kila kipande kilikaguliwa siku moja kabla ya maji, kwa kugonga na nyundo na kusikiliza. Kwenye cha saba umeandika Jumapili tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, na sahihi yako. Nataka kujua ulisikia nini.

Fikiri kabla ya kujibu. Chochote utakachoniandikia nitakipeleka mahakamani kama kilivyo. Usipojibu nitapeleka kipimo cha kifuniko na fomu, na hilo jingine litabaki kwako, wakili wako ataweza kusema ni kutu au ni mawe, na huenda wakamwamini. Nimekuachia nafasi hiyo makusudi. Mama hakunituma.

Dada yako

*

Mahabusu, 6 Julai

Dada,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mama msalimie kupitia kwa tarishi wenu. Mkono unaunga, kifundo kitabaki kimepinda. Tumelala kumi na tisa chumba cha mita nne kwa tatu na nusu. Juzi mmoja alinyongwa kwa taulo kwa sababu ya nafasi ya ukutani. Sasa nafasi hiyo hailaliwi na mtu.

Askari wa zamu anasoma barua kabla hazijatoka, hii pia ataisoma. Wakili amenikataza kuiandika.

Jumapili nilikwenda peke yangu. Msimamizi hakuwepo, wala mlinzi. Niligonga mara tatu, kama tunavyogonga vyote. Ikajibiwa kutoka ndani, mara tatu. Nikafikiri ni mlio wa chuma. Nikangoja, nikagonga mara mbili. Ikajibiwa mara mbili. Spana ilikuwa mkononi mwangu. Nilikaa juu ya bomba dakika kumi na tano, kwa saa yangu. Kisha nikaandika saa nne, nikatia sahihi, nikaenda kula.

Jumatatu nilifungua maji saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kipande kilijaa saa tatu na dakika hamsini.

Peleka.

Mdogo wako